Silanga Niliyoizungushia Miiba

Hodan mjukuu wangu,

Mwaka mzima hujakanyaga hapa Galbet. Nairobi wamekufunga kamba? Sisi wazima, alhamdulillahi. Mimi nasema, mama yako anaandika.

Unauliza kama uache shahada ya pili ya uhandisi wa mazingira, kwa kuwa wenzako wanakushinda hesabu. Nilipokuwa msichana Sangailu, mbuzi walichafua silanga, bwawa letu la maji ya kunywa. Nikalizungushia miiba kama zizi, mbuzi nikawanywesha nje kwa karai. Wazee wakanicheka: "Binti, maji nayo yatatoroka?" Yalipotulia wakayaonja, kisha wakakata miiba wenyewe kuziba mapengo.

Hesabu sikujua. Niliangalia tu. Macho hayo unayo, hesabu utafundishwa. Usiache, nakwambia.

Ukija likizo, usikae kabla hujapima maji ya kisima cha jirani. Watoto wake wanaharisha.