Sanduku ya Imeli Imejaa, na Élie Haandiki

Mama Kyakimwa, wewe unayejibia watu kwenye redio, nakuandikia na mutoto mugongoni, unisaidie juu kichwa yangu imechoka. Bwana yangu Élie alitutanguliza hapa Masisi wakati vita iliingia Pinga, yeye akabakia na pikipiki amupeleke mama yake mugonjwa Walikale, akasema akifika ataandika, juu kule kuko duka ya imeli yenye antene, sawa hii ya Papa Omer tunakoandikia hapa, na kweli aliandika, akatuma foto na sauti yake akimuimbia mutoto wetu Kétsia, halafu tangu mvua ianze, kimya. Sijafuta hata moja. Na mimi kila asubui namutumia foto ya mutoto, ileile mara tatu, juu naogopa moja ipotee njiani. Sasa Papa Omer amekasirika, anasema mashini inayotunza imeli za watu wote inalemewa, foto zangu zinasimama mbele na maneno ya wengine yanangoja nyuma, na sanduku yangu imejaa mupaka imeli zinazokuja zinarudishwa. Akaniambia mbele ya watu: “Mama Kétsia, hii haiko gunia ya maharagi, useme utaikalia juu ifungike.” Wakacheka, nikacheka nao, nikalia njiani. Anataka nifute za zamani ao ataifunga sanduku yangu. Lakini wifi yangu Noëlla, tunayelala naye nyumba moja, anasema: “Ukizifuta, umemuzika kaka yangu na mikono yako.” Nifanye nini? Mimi naamini atarudi.

Rosalie, Masisi

Rosalie mwanangu, pole. Sitakudanganya: sijui Élie iko wapi. Lakini angalia unachofanya. Pengine hakuandika. Pengine aliandika juzi, mashini ikamurudishia, akafikiri mulikufa. Hilo hukulifikiri?

Papa Omer alifanya vibaya kufanya watu wakucheke, lakini juu ya mashini anasema kweli. Foto moja mara tatu, nani alikufundisha? Nyuma yako kuko mama anayengoja kujua kama barabara imefunguka, mbele ya kupandisha watoto kwenye pikipiki. Ukimuchelewesha, huo si upendo tena.

Noëlla naye atulie. Kaka yake hakai ndani ya mashini. Umuombe Papa Omer kwa adabu aiweke ile sauti ya kuimba kwenye simu, mutoto akue akiisikia. Zingine futa, wewe mwenyewe, wifi yako akikaa pembeni. Utalia. Lia, lakini endelea. Kuanzia sasa andika mara moja kwa juma, maneno machache, bila foto: tuko Masisi, tuko wazima, Kétsia anatembea. Na jina ya Élie uipeleke kwa padri, wanaotoka Walikale wanapitia pale.

Ukimaliza, ondoka kwenye kiti ya Papa Omer, mwingine akae. Nafasi uliyoacha ndani ya sanduku ni ya Élie, akiandika imeli yake iingie. Na mama aliye nyuma yako, naye iko na muntu anayemungoja.