Mashati Yaliyorudi Kutoka Kibiti Bila Kushonwa

Mbagala, 9 Februari 2025

Shangazi Mwanamina,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mimi mzima, ila kiwandani hakujatulia. Mshahara ukishalipa chumba na nauli, wiki ya tatu tunakopa unga. Wanawake wa laini yetu ya ushonaji tumeandika madai, wakanichagua mimi niyasome mbele ya meneja. Nikasoma hadi mwisho. Akajibu, "Wako watu mikoani watashona kwa nusu yenu." Tangu hapo hatupewi kazi. Niombee.

Mwanao, Nasma

Kibiti, 16 Februari

Nasma mwanangu,

Marahaba. Mguu umepoa, alhamdulillahi. Ati umemsomea meneja! Nimewahadithia hadi wanunuzi wa ufuta. Nasi huku tumefunguliwa mlango: bwana mmoja, Zebedayo, ameleta marobota ya mashati yaliyokwisha kukatwa, ya kwenda Ulaya. Kikundi chetu cha mafundi cherehani kina furaha, mwenzetu Habiba anataka kuezeka nyumba. Malipo madogo, kazi tele. Mashati ni ya bluu, mfukoni yana nembo ya ndege korongo. Tunaanza Jumatano.

Shangazi yako

Mbagala, 17 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu. Mashati ya korongo ndiyo tuliyokuwa tunashona sisi. Sikuambii myaache, najua nyumba ya Habiba inavuja. Nimeona tu ujue.

Mwanao, Nasma

Kibiti, 12 Machi

Mwanangu,

Funga inaendaje? Usininunie kwa kukaa kimya, nilitaka niandike nikiwa na la kusema. Niliwasomea wenzangu ujumbe wako. Tukabishana, wengine wakanitukana. Mwisho Habiba mwenyewe, huku analia, akaanza kufunga marobota yarudishwe. Zebedayo alifoka, "Mnakataa riziki?" Nikamwambia, "Mashati haya yana wenyewe, baba. Walipeni wao kwanza. Kazi ikizidi, tuletee kwa bei yao." Akakimbilia Ikwiriri. Mafundi wa kule tulishawapigia simu, nao wamekataa.

Shangazi yako

Mbagala, 2 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo, na Idi njema. Mnunuzi wa Ulaya aliuliza mzigo wake umekwama wapi, akatuma watu wakatuhoji sisi wenyewe, meneja akiwa nje. Wakambana meneja, na mshahara umepanda! Si kama tulivyodai, lakini unafika mwisho wa mwezi. Nanyi mtaletewa kola za kushona, kwa bei ya hapa hapa. Mwambie Habiba. Wanawake walipiga vigelegele mpaka mlinzi akaingia mbio. Wakaniuliza, "Hao mafundi waliorudisha mashati ni wa wapi?" Nikapanda juu ya kiti, wote wanione, nikasema: "Ni wa kwetu. Kiongozi wao shangazi yangu."

Mwanao, Nasma