Akigonga, Mimina

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mama Zipu, kama anavyojulikana mtaani
Umri: miaka 43
Kazi: kurekebisha nguo nyumbani, hasa zipu
Makazi: nyumba ya geti la kijani, nyuma ya kiwanda cha magodoro
Uhusiano: dada wa majeruhi, mke wa mtuhumiwa

Natoa maelezo haya kwa hiari yangu. Sijalazimishwa na mtu, ila nimeharakishwa kidogo, maana afande amesema zamu yake inakaribia kwisha.

Majeruhi ni kaka yangu, tumenyonya ziwa moja. Mtuhumiwa ni mume wangu. Mmoja yuko wodini, mwingine yuko mahabusu, nyuma ya ukuta huu ninaouegemea. Asubuhi nilipika chai moja nikaigawa kwenye chupa mbili. Ya kaka nimerudi nayo, kwa sababu hawezi kumeza.

Nyumba yetu imezungukwa na zege pande zote. Upande wa nyuma vipande vitatu vilikuwa vimezama. Bomba linaloshusha maji ya bati lilikuwa likimwaga kwenye kona ile ile, udongo ukaondoka kidogo kidogo, zege likabaki limelalia hewa. Mvua ikinyesha maji yalikuwa hayaelekei uani. Yalikuwa yanaingia jikoni kama mgeni aliyeambiwa karibu. Mwaka jana mume wangu alimimina zege jipya juu ya lile la zamani. Yakazama yote mawili. Kaka, ambaye kazi yake ni hiyo ya kuinua sakafu zilizozama, alipoona alisema, "Shemeji, mgonjwa anaumwa miguu, wewe umemvalisha koti la pili."

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, siku ya Jumamosi, majira ya saa tatu asubuhi, kaka alifika na pampu ya mkono, mpira mrefu na vifaa vyake. Walikuwa wamepatana saa moja. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, anamsubiri.

"Shemeji, saa moja ya kwenu huwa inapigwa saa tatu?"

"Ya kwetu inapigwa chai ikiiva."

"Leo hilo shimo lisipojaa, nitakufukia wewe humo."

"Nifukie, ila unisawazishe vizuri. Sitaki dada yangu ajikwae."

Wote wawili walicheka. Jirani yetu, fundi wa vyuma, alikuwa hajawasha mashine yake ya kukatia, kwa hiyo alisikia. Najua ameshaandikisha maneno ya mume wangu, na hajasema uongo. Naomba liandikwe na jibu la kaka, na kicheko chao pia. Afande ameniuliza kicheko kinaandikwaje. Kiandikwe kwamba kilikuwepo. Hao ni mashemeji, wametaniana miaka kumi na tisa, na kama matusi yao yangekuwa yanaua tungekuwa tumeshamaliza ukoo.

Kazi yenyewe inafanyika hivi. Fundi anatoboa zege matundu, kisha saruji na mchanga laini vinakorogwa na maji mpaka viwe uji. Uji unasukumwa kwa pampu kupitia mpira, unaingia chini ya zege, unajaza palipo wazi, na zege linapanda polepole mpaka lifikie kamba aliyoivuta fundi. Pampu tuliiweka mbele ya nyumba kwenye bomba la maji. Mume wangu alishika mkono wa pampu, mimi nikawa nakoroga na kumimina. Kaka alikuwa nyuma, kwenye kamba. Kati yetu kulikuwa na nyumba nzima, hatuonani, na jirani alipowasha mashine yake hatukusikiana hata kwa kupiga kelele.

Kwa sababu hiyo kaka alitupa utaratibu anaoutumia siku zote. Alikuwa na kipande cha nondo. Alisema akigonga zege, sisi tumimine. Akinyamaza, tusimame.

Mume wangu alimwambia, "Si ungenyamaza mambo yakienda vizuri, ukagonga yakiharibika? Ungepumzisha mkono."

Kaka alimjibu, "Kimya sikiamini, shemeji. Mtu kimya huenda amelala, huenda ameondoka, huenda ameanguka. Nikigonga ujue nipo na ninaona. Ukinikosa, acha kila kitu uje."

Tuliona ni maneno ya busara. Hata sasa naona ni ya busara, na hilo ndilo linalonitesa.

Kipande cha kwanza kilipanda bila shida. Kaka aligonga, tukamimina, akanyamaza, tukasimama. Nilikwenda kukiona, kimelala sawa kama kitambaa kilichopigwa pasi. Mume wangu alitembea juu yake akirudi na kwenda, mikono nyuma, kama mheshimiwa anayekagua gwaride.

Kipande cha pili kilikunywa uji hakikushiba. Kaka alizunguka akaja mbele, suruali imelowa magotini. Alisema, "Kuna mahali unatorokea. Naenda kuchungulia kwa chini nipazibe. Subirini nigonge." Akaondoka. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kutoka kinywani mwake.

Tulisubiri. Jirani alikuwa anakata vyuma. Baadaye tukasikia nondo inagonga.

Mume wangu alisema, "Ameshaziba," akaanza kupampu. Mimi nikamimina.

Kugonga kuliendelea, kukawa kwa haraka. Mume wangu akacheka, akasema shemeji leo ameshikwa na haraka, bila shaka zege linapanda. Kila nondo ilipogonga kwa nguvu, na yeye alipampu kwa nguvu. Jasho lilikuwa linamtoka mpaka kwenye nyusi. Alikuwa anajitahidi, afande. Alikuwa hataki kuambiwa mzembe.

Mimi nashinda na cherehani, na mtu wa cherehani anaijua sauti inayobadilika. Nondo ilikuwa haigongi kama mwanzo. Mwanzo ililia kama kengele. Sasa ilikuwa nzito, kama mtu anayegonga mlango akiwa ndani.

Nilimwambia mume wangu, "Mbona anagonga hivyo?"

Akanijibu, "Umemsikia mwenyewe kaka yako. Akigonga, mimina."

Nikamimina. Iandikwe hivyo hivyo. Ndoo ilikuwa mikononi mwangu. Mmemkamata aliyeshika pampu, na aliyeshika ndoo mmempa kiti.

Kisha kukawa kimya. Mume wangu aliachia mkono wa pampu ukiwa katikati, haujafika chini. Akasema, "Kanyamaza." Alikaa kidogo akisikiliza, kisha akasema, "Alisema nikimkosa niende," akaondoka mbio akaiangusha ndoo. Sikumfuata mara moja, nilibaki naiinua ndoo. Sijui kwa nini niliona ndoo ndiyo ya kushughulikiwa. Halafu nikasikia ukelele ulioipita mashine ya jirani.

Nilipofika nyuma niliona kaka alikuwa amechimba pembeni, akaingia kichwa na kifua chini ya kipande cha pili. Zege lilikuwa limepasuka likamkalia. Lilikuwa nene maradufu, la zamani na lile tuliloongeza mwaka jana. Nje ilibaki miguu tu, na uji wa saruji unatoka pembeni mwa magoti yake. Mume wangu alikuwa ameingiza mgongo chini ya ukingo, anasukuma juu, mishipa imemtoka shingoni. Zege halikusogea. Nilimwita jirani, akaja na jeki ya kuinulia magari. Nampa haki yake, alikuja mbio, na bila jeki yake leo ningekuwa natoa maelezo mengine.

Tulipomvuta, mume wangu ndiye aliyemtoa uji mdomoni na puani kwa vidole vyake. Alikuwa anamwambia, "Shemeji, nilidhani unaniambia nimimine. Shemeji, si ulisema." Alirudia hayo mpaka gari lilipofika. Saruji mbichi inaunguza. Fungueni mahabusu mkaangalie vidole vyake, vimebabuka na kucha mbili hazipo. Mtu anayemfukia mwenzake hamfukui kwa kucha.

Hospitalini mama yetu alinikuta kwenye korido. Hakuitikia shikamoo yangu. Aliniuliza, "Una kaka wangapi?"

Nikamjibu, "Mmoja, mama."

"Na wanaume wa kuoa wamejaa duniani. Kaseme ukweli."

Ukweli ndio huu ninaousema. Mama anaona nimechagua. Mimi sijachagua mtu. Nikinyamaza mume wangu anakwenda jela, nikisema mama ananihesabu nimemuuza mwanawe.

Afande ameniuliza mara mbili kwa nini mume wangu aliendelea kupampu wakati mtu anagonga kuomba msaada. Nimejibu mara mbili. Ni kwa sababu alikuwa anagonga.

Leo asubuhi niliingia wodini. Kaka ana mpira kooni na mkono wa kulia umefungwa, lakini macho yamefunguka na ananitambua. Kwa kidole cha mkono wa kushoto anagonga chuma cha kitanda. Aligonga, muuguzi akamfunika shuka. Akagonga tena, muuguzi akamwongezea la pili. Nilimsogelea sikioni nikamuuliza, "Kaka, shemeji yako alijua uko chini?" Akagonga mara moja, akanitazama. Nilisimama pale sijui kama amesema ndiyo au hapana. Machozi yalimtoka, na mimi yakanitoka, na hatukuelewana.

Nimetoka huko moja kwa moja kuja hapa. Ninaloomba ni kwamba askari atumwe akamuulize yeye mwenyewe, leo, angali macho, kwa sababu daktari hakuniahidi kesho. Ila msimuulize kabla ya kukubaliana naye kwanza kugonga kuna maana gani.

Niliyoyaona, niliyoyasikia na niliyoyafanya kwa mikono yangu yameishia hapo, na nimeyasema kama yalivyo.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya ofisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya, amekiri ni sahihi. Nilimshauri aiondoe sentensi inayohusu ndoo, amekataa. Nilimruhusu aende nyumbani, amekataa pia, yuko kwenye benchi na chupa ya chai. Nimechelewa kukabidhi zamu kwa sababu nakwenda wodini mwenyewe. Majeruhi ataelezwa hivi kabla ya swali lolote: kugonga mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Akinyamaza, sitaandika kitu. Nitasubiri.