Tangazo la Asali Lililofika Kianjokoma

Nyumbani kwa Mama Kathure,
Nyuma ya kinu cha posho,
Soko la Ruiri,
Meru.

14 Septemba 2025

Mpendwa dada Kathure,

Kabla hujaketi, jua barua hii imeandikwa na mtu mashuhuri. Toka hapa Ruiri hadi Isiolo hakuna kijana anayejulikana kunishinda, na nikipita sokoni hata mbuzi husimama kwanza. Walimu walionifukuza kidato cha pili sasa wananiita Mkurugenzi. Ni mmoja tu aliyeniita hivyo, lakini wengine wanafikiria.

U hali gani huko Riyadh? Mgongo wako je, na ule mkono uliochomwa na pasi? Yule mama mwenye nyumba bado anakaa na simu yako? Sisi tu wazima, ila Mama huongea na picha yako ya pasipoti iliyo ukutani. Asubuhi anaiambia chai iko tayari. Nyumba imekuwa kubwa tangu uende. Nikikohoa, inanijibu.

Usicheke ukiona karatasi. Winrose wa kule juu amemaliza likizo na anarudi kazini huko, nimemwomba akuwekee mkononi. Zile mara chache unazoruhusiwa kupiga, Mama anaishika simu na tajiri wako anasikiliza, sasa mtu ataongea nini zaidi ya mvua?

Nikuambie biashara. Unakumbuka asali ya Mama ilivyokuwa ikikaa ndooni hadi inaganda. Basi nilifungua ukurasa wa Facebook nikaanza kulipia tangazo. Picha ya kwanza nilikuwa mimi mwenyewe, miwani ya jua usoni, mguu juu ya mzinga. Nikalitupa Kenya nzima. Watu wa Kisumu wakapenda, wa Mombasa wakapenda, na hakuna aliyenunua hata kijiko. Mama akaitazama ile picha akauliza, "Hapa tunauza asali ama tunakuuza wewe?" Nikamwambia vyote viwili. Akasema, "Basi asali imekosa mteja kwa sababu yako."

Nikakaa chini nikafikiri, na usiseme siwezi. Nani hununua asali ndoo nzima kwa siku moja? Ni watu wanaopeleka mahari. Na kati yao, nani huitafuta? Si bwana harusi, huyo hata hajui inauzwa wapi. Ni shangazi zake. Kwa hivyo nikawaacha vijana nikalielekeza tangazo kwa akina mama wa makamo, Meru na Embu peke yake. Nikalitoa Jumatatu nikaliweka Jumatano, maana watu hupeleka mahari Jumamosi na shangazi huanza kuhangaika katikati ya wiki. Bei nikaiandika wazi, nambari ya simu juu kabisa. Kathure, simu ililia hadi Mama akaifunika na sufuria.

Kianjokoma, huko Embu, niliiongeza makusudi, na wanaume wake pia. Nilitaka yule Njiru wako wa huko, Mwembu anayekungoja mpaka Desemba, aone anaoa kwa watu wa namna gani. Kwa vile wazee wake hawajaja rasmi, hajawahi kukanyaga kwetu, nami sura yake siijui. Nikasema acha yeye anijue kwanza.

Picha nayo nikaibadilisha, nikakuweka wewe. Ile ya mahari ya binamu yetu Kanini, ulipomshikia kibuyu cha asali, leso begani, unacheka hadi ufizi unaonekana. Kanini nilimkata. Hakuna picha iliyowahi kufanya kazi kama hiyo. Hata wanaume wakajaa pale chini wakiuliza, "Asali bei gani, na mwenye kibuyu je?" Nami namjibu kila mmoja, "Huyo ashachukuliwa, nunua asali utafute wako." Watu wakicheka wanaandika, na wakiandika tangazo linatembea mbali zaidi. Hilo sikufundishwa na mtu.

Sasa tuna mizinga mipya kule chini mtoni. Mama anasema ukija Desemba usirudi tena huko, nyuki watatulisha sote. Jioni nikifungua tangazo huwa nasema naangalia wateja, lakini nakuangalia wewe. Naona mdomo umefunguka, naona ni kicheko, na najaribu kukumbuka sauti yake ilikuwaje. Siku nyingine siipati.

Nyanya Jedidah anakusalimu, anataka umletee marashi yasiyopigisha chafya. Kanini anakusalimu, bado amekasirika kukatwa. Angeline wa kanisani anasema nafasi yako ya kwaya hajampa mtu. Mama anasema tu nikuambie ule.

Nimekupa salamu za watu wote ili nisifike hapa.

Jumamosi iliyopita alikuja mwanaume mtaratibu, akasimama langoni. Nikamletea kiti, akakataa kukaa. Akanionyesha simu yake. "Huyu ni nani wenu?"

"Dada yangu," nikamwambia.

"Ni kweli amechukuliwa?"

Nilikuwa nimejibu swali hilo mara nyingi hadi mdomo ukalijibu peke yake. "Mzee, umechelewa. Asali yake tulishailamba. Nunua hii ukajaribu kwingine." Nikacheka, na nilicheka peke yangu. Alinunua chupa ndogo, akashukuru, akaenda. Jioni ukurasa wetu ukapata ujumbe: "Mimi ni Njiru. Kathure alinyamaza muda mrefu, nikaona hiyo picha, nikaja kuhakikisha. Nawatakia heri."

Wewe unajua, kwetu na kwao pia, msichana akionekana na kibuyu cha asali mkononi watu hawaulizi, wanajua mahari yake imeshaletwa. Nami nilijua. Nilikuwa nahesabu wateja tu.

Picha nimeitoa. Yeye amezifunga nambari zangu zote. Kesho naenda Kianjokoma kumtafuta, lakini baada ya nilivyomjibu, ataniamini vipi? Kuna wewe tu. Winrose ana simu na amekubali kukuazima. Kabla hujalala siku utakayoipata barua hii, mpigie. Mwambie hakuna aliyekuja, hakuna asali iliyoliwa, ni mdomo wa ndugu yako. Mama hajui lolote. Bado anamngoja Desemba kama wewe.

Mungu akufunike huko ugenini, akuweke salama mpaka lango hili likuone. Biashara yote ilienda sawa, Kathure. Kilichoharibika ni kimoja tu, na kilikuwa chako.

Wako akupendaye, hata ukikasirika,
Gikunda