Karatasi ya Tarehe Tisa

Jabe, Bujumbura
23 Julai 2002

Mpendwa Shangazi Hayat,

Asalaam aleikum. Umeamkaje huko Ujiji? Lile goti limepoa, au bado unaswali umekaa? Sisi miili ni mizima, alhamdulillah, ila nyumba haina usingizi. Mdogo wangu Kudra amekamatwa. Leo siku ya kumi na nne.

Zile karatasi ninazokutumia kwa Candide, yule mfanyabiashara wa mashua, uzifiche chini ya vitenge, sikukueleza vizuri. Tuko watu tisa, tunajitolea. Mwalimu Gélase alitufundisha: maandamano yakitoka, tunasimama wawili wawili, kila mmoja anaandika kivyake waandamanaji wangapi, askari majandarme wangapi, nani kaanza, saa ngapi. Hesabu mbili zikipishana sana, karatasi inachanwa. Mimi nahesabu kwa maharagi: kila watu kumi, punje moja inatoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Kati ya karatasi zangu thelathini na mbili imechanwa moja tu. Kudra alikuwa ananicheka, eti siku moja nitahesabu hata meno ya majandarme.

Gélase alikataza majina yetu. Mimi ni namba nne, basi. Lakini karatasi inauliza ulisimama wapi, na Jabe hii nani anajua namba ya nyumba? Nikaandika kama tunavyosema sote: kwa Kudra. Kibanda chake cha kutengeneza redio kiko penye kona, unaona barabara mbili. Mara kumi na moja, Shangazi, kwa mwandiko mzuri, mimi mwenyewe. Majandarme waliukamata mkoba wa Gélase, yeye akawaponyoka. Wakasoma, wakaenda moja kwa moja kwa Kudra, ambaye hajawahi kushika hata karatasi moja.

Sasa wanasema ndiye aliyerusha jiwe la kwanza kwenye maandamano ya tarehe tisa. Uongo. Jiwe la kwanza liliruka saa nne na dakika ishirini. Saa nne na dakika tano Kudra alikuwa amembeba Marguerite, muuza nyanya aliyepigwa rungu, anampeleka dispensari. Niliandika. Mwenzangu namba saba aliandika pia, lakini ameshavuka mpaka. Marguerite anaogopa kusema, na simlaumu. Karatasi yenyewe ilikuwa mkobani, na majandarme wanadai hawaijui. Imebaki nakala ya kaboni, iliyo kwako.

Wakili wetu, Maître Ildephonse, hakuzunguka: karatasi yenye namba bila jina haina kazi mbele ya jaji. Namba nne lazima asimame. Nimewaza siku tatu. Kushona nilijifunza peke yangu, duka nimefungua peke yangu, na kosa hili nimelifanya peke yangu. Jana nilimpelekea Kudra chakula. Akaninong'oneza:

«Dada, apana rudi hapa. Na hawa wanahesabu nani anakuja.»

Nitasimama.

Candide anakuletea cherehani yangu. Unajua miaka niliyoitafuta. Usiiuze. Itie mafuta kila Ijumaa. Ukishaipokea, mpe karatasi ya tarehe tisa, usiikunje, kaboni inafutika. Kesi ni Jumatatu ya tarehe tano Agosti. Mashua ya mwisho inayofaa ni ya Alhamisi, tarehe mosi.

Na ukikosa habari zangu, usitume mutu kuja kuniulizia. Andika tu tarehe niliyopotea, na saa kama utaijua.

Nisalimie Djibril na mkewe, na jirani yako Mama Adélaïde. Mungu akupe afya, na atufungulie mlango huu ulio mbele yetu.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye sana,

Lubna binti Idi