Anastazia wa Mwisenge

Mseti, nimefumaniwa. Miaka sabini na minne nimewakemea watu kwa uongo, na leo mjukuu wangu amenikuta na pakiti saba za dagaa ghalani.

Ni dagaa wake mwenyewe. Unajua Matrida anawauza mtandaoni tangu Pasaka. Wiki tatu za mwanzo hakuna aliyeuliza hata bei, akaanza kusema atafunga biashara. Nikaona nimtie moyo. Nikanunua laini nyingine ya simu, nikajiita Anastazia wa Mwisenge, nikawa ninaagiza kila Jumamosi.

Leo amekuja kuchukua ungo. Ametoka ghalani na pakiti mikononi, zote zimeandikwa jina la Anastazia kwa mwandiko wake.

"Babu, Anastazia ni wewe?"

Nikamnyooshea ungo aliokuja kuuchukua.

"Babu, mzee wa kanisa mzima, unajiita Anastazia?"

Anastazia, Mseti. Amelirudia jina hilo mara tatu.

Nilidhani atalia. Amecheka mpaka akaketi chini, kisha akasema, "Ningefunga leo hii. Bahati nzuri ninaye Helena wa Bunda. Huyo ndiye mteja wa kweli."

Akanisomea ujumbe wa huyo Helena: "Madhumuni ya barua hii, kwanza ni kukujulia hali, pili ni kuagiza dagaa kilo mbili."

Mseti, barua za namna hiyo tulifundishwa mimi na wewe, dawati moja, shule ya misheni. Na Bunda nzima ninamfahamu mmoja tu anayeziandika hadi leo.

Sikumwambia. Jumamosi usisahau kuagiza, Helena.