Mita kwa Jina la Mama Mkwe

Jumatano, 9 Aprili. Asubuhi ya mawingu, manyunyu kidogo.

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijamvunjia heshima mama mkwe wangu. Halmashauri imebadilisha kodi ya umeme wa majumbani, sasa kila mita inalipiwa isipokuwa ile iliyo kwa jina la mzee, basi mume wangu akahamishia mita yetu kwa jina la mama yake, tunaishi naye, nami nikashangilia, kumbe najichimbia shimo, maana tangu siku hiyo mama amekuwa bosi wa swichi kubwa, na mimi ni fundi cherehani, mashine yangu ni ya umeme, nina magauni ya harusi ya Jumamosi hayajapindwa, nikikanyaga pedali tu, anaizima, giza.

“Mama, nashona!”

“Shona, mwanangu, nani kakukataza? Kazi yako, mita yangu.”

Nikimlalamikia mume wangu anajibu, “Mvumilie, mke wangu, si hatulipi kodi?” Bibi harusi naye anapiga simu kila saa, nikimwangusha nani ataniletea kitambaa tena? Jana nimelala saa saba usiku, nikipinda kwa mkono.

Fundi Gizani

*

Fundi wangu, pole, ingawa nimecheka hadi chai ikanipalia. Mlitaka jina la mama bila mama mwenyewe! Barua yako nimeirudia, sijaona mlipomwomba ruhusa. Mmemvika cheo, sasa mnashangaa anatawala?

Hata hivyo, kukuzimia riziki si haki. Leo, kabla hujagusa mashine, piga hodi chumbani kwake. Mwombe radhi kwa kutumia jina lake bila kumuuliza, kisha mwombe umeme hadi Jumamosi. Omba, usidai. Magauni yaishe kwanza, hasira zitasubiri.

Jumatatu mumeo aende halmashauri kuombea chumba cha kushonea mita ya peke yake, kwa jina lako, na kodi mlipe. Msamaha ule wa kodi ni wa mzee, si wa karakana. Aende yeye kupanga foleni, wewe una kazi. Akinuna, mkumbushe kwamba rahisi ni ghali.

Ile ya nyumba mwachieni mama, akiridhia, na swichi yake. Siku akiizima katikati ya mpira, mumeo atakuja mbio kwenye mwanga wako. Mkaribishe vizuri, mpe sindano, ashone vifungo.